Namna ya kuufuata wimbo kutoka kwenye matatu hadi kwa mwenyewe

Anayetoka mtaa wa Umoja asubuhi kwa matatu hadi katikati ya Nairobi husikia nyimbo kumi au kumi na tano kabla ya kushuka, lakini ukimuuliza akifika kazini hawezi kukutajia waimbaji hata watatu. Nyimbo zenyewe huenda zilimpendeza sana. Tatizo ni kwamba zilimfikia zikiwa zimeunganishwa na DJ, hazina mwanzo wala mwisho, DJ akilitaja jina lake mwenyewe kila baada ya dakika moja huku la mwimbaji likikosa kutajwa hata mara moja. Jioni huwa angali anaukumbuka mdundo mmoja, akauimbaimba jikoni, na ifikapo Jumamosi umeshamtoka kichwani.

Mwongozo huu nimemwandikia mtu huyo. Nimezifuata nyimbo za mji huu kwa miaka mingi, mpya na za zamani, na nimefikia kuamini kwamba deni la kwanza la msikilizaji kwa wimbo uliomgusa ni kulijua jina la aliyeutunga. Kuusikiliza kwa makini, kumpelekea rafiki na kuulipia ni mambo ambayo hayawezi kufanyika ipasavyo kabla jina hilo halijapatikana, na ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata inahusu namna ya kulipata.

Lipate jina kabla hujashuka

Ikiwa umepanda nganya, yaani matatu iliyopambwa, yenye skrini, tazama kona ya chini video inapoanza, kwa sababu jina la wimbo na la mwimbaji huandikwa hapo kwa sekunde chache na mara nyingine hurudi video inapokaribia kwisha. DJ wengi hukata mwanzo na mwisho huo ili kuunganisha nyimbo, kwa hiyo usitegemee skrini peke yake. Muulize utingo. Mngoje gari likisimama stejini na akiwa amemaliza kudai nauli, kisha umwambie kwa heshima, "Boss, huu wimbo ni wa nani?" Hata asipoujua wimbo wenyewe, karibu kila mara humjua DJ aliyetengeneza miksi iliyo kwenye flashi, na habari hiyo inatosha. Itafute miksi hiyo YouTube, usogeze hadi mahali uliposikia wimbo wako, kisha usome maoni yaliyo chini yake, maana utakuta mtu mwingine ameshauliza swali lako akataja na dakika, na mwenye moyo wa kusaidia amemjibu.

Programu za kutambua nyimbo, kama Shazam, husaidia, ila ni vizuri kujua zinavyofanya kazi ili usizilaumu bure. Simu hurekodi sekunde kadhaa, ikachora ramani ya sauti zilizopaa zaidi ya nyingine katika sekunde hizo, kisha ramani hiyo ikalinganishwa na za nyimbo zilizosajiliwa. DJ akiuongeza wimbo kasi, kama wanavyopenda kufanya wa matatu, ramani hubadilika na programu hukosa jibu. Vivyo hivyo haiwezi kuitambua bendi inayopiga mbele yako, wala wimbo ambao haukuwahi kusajiliwa, na nyimbo nyingi zilizorekodiwa River Road enzi za santuri na kanda ziko katika kundi hilo. Subiri DJ anyamaze, ungoje kiitikio, ndipo ubonyeze.

Programu ikishindwa, rudi kwenye maneno. Andika maneno manne au matano yanayofuatana, kama ulivyoyasikia, uyatafute yakiwa ndani ya alama za kunukuu. Sheng haina tahajia moja, kwa hiyo jaribu kuliandika neno lilelile kwa njia mbili au tatu kabla ya kukata tamaa. Kama wimbo ni wa lugha usiyoielewa, rekodi sekunde kumi kwa simu umpelekee jirani anayeielewa. Jijini Nairobi hutakosa mtu wa kukusikilizia Kijaluo, Kikamba au Kigikuyu katika ploti yako mwenyewe, na mara nyingi atakueleza pia wimbo unasema nini, jambo ambalo hakuna programu itakayokufanyia vizuri kama yeye. Uliousikia redioni ni rahisi zaidi: kumbuka saa na kituo, uwaandikie.

Kwenye TikTok kuna mtego mmoja unaowanasa wengi. Jina linaloonekana chini ya video huweza kuwa la mtu aliyepakia kipande cha sauti, ambaye hana uhusiano wowote na mwenye wimbo. Ukiona imeandikwa kwamba hiyo ni sauti asilia ya fulani, usiamini upesi. Ibonyeze, usome maoni ya video za kwanza kabisa zilizoitumia, kisha uutafute wimbo mzima kwingine ili ulinganishe, kwa kuwa vipande vingi vimeongezwa kasi hadi sauti ya mwimbaji inasikika kama ya mtoto.

Wimbo wa zamani una njia yake

Mama yangu alikuwa na mstari mmoja wa wimbo aliokuwa akiuimba anapochambua mchele. Aliusikia redioni katika miaka ya 1970, wakati kituo kilipokuwa kikiitwa Sauti ya Kenya, kabla hakijawa KBC mwaka wa 1989, na hakuwahi kujua ni wa nani. Niliutafuta kwa miezi mitatu. Mtandaoni niliukuta kwenye chaneli moja ukiwa na jina la bendi fulani na picha ya bendi nyingine kabisa, na chini yake watu mamia walikuwa wakimshukuru kwa machozi mtu ambaye hakuuimba.

Mwishowe nilikwenda Soko la Kenyatta, ambalo wengi hulijua kwa nyama choma na wasusi wa nywele, lakini ndani yake kuna kibanda cha santuri zilizopangwa hadi darini. Nilimwimbia mzee aliyekuwa akiuza siku hiyo mistari miwili. Alisikiliza huku amefumba macho, akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu, hao uliotajiwa si wenyewe. Hebu sikiliza hilo besi." Akavuta santuri ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, akaipangusa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi.

Lebo ya karatasi iliyo katikati ya santuri ya namna hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya wimbo, na inafaa ujue kuisoma. Juu huwa kuna jina la kampuni iliyoitoa. Jina la wimbo huandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo jicho huziruka, kuna jina la mtunzi ndani ya mabano, kisha jina la bendi. Pembeni kuna namba ya santuri. Namba hiyo iandike au uipige picha, kwa kuwa bendi moja iliweza kurekodi nyimbo mbili zenye majina yanayofanana na wanamuziki wakawa wanahama kutoka bendi hii hadi ile, lakini namba haihami. Mtunzi pia si lazima awe ndiye mwimbaji. Katika santuri ya mama yangu, jina lililokuwa ndani ya mabano lilikuwa la mpiga gitaa, na sauti iliyokuwa ikipendwa nyumbani kwetu kwa miaka arobaini ilikuwa ya mtu mwingine.

Tazama pia kama imeandikwa kuwa ni sehemu ya kwanza. Upande mmoja wa santuri ndogo haukuweza kubeba wimbo mrefu, kwa hiyo wanamuziki wa rumba na benga walizoea kuugawa: beti upande wa kwanza, kisha unaigeuza santuri, na upande wa pili magitaa yanachemka. Waliozihamishia nyimbo hizo kwenye kompyuta mara nyingi walichukua upande wa kwanza tu. Basi ukisikia wimbo wa zamani unafifia na kuzimika wakati gitaa la solo ndiyo kwanza limeshika moto, jua kwamba nusu yake ingali mahali fulani, uitafute.

Usipoweza kufika sokoni, kuna watu waliofanya kazi hiyo ya kuhifadhi majina. Shirika la Ketebul Music la hapa Nairobi, chini ya Tabu Osusa, limekusanya historia ya benga na mitindo mingine pamoja na maelezo ya wanamuziki wenyewe. Redioni, Fred Obachi Machoka ameendesha kwa miaka mingi kipindi cha Roga Roga katika Radio Citizen, na faida kubwa ya kumsikiliza ni kwamba hutaja nani aliimba na bendi ilikuwa ipi. Kaa na kalamu.

Na ujue kwamba majina mengine yana ubishi usiokwisha. "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William, ukaenezwa duniani na Miriam Makeba na wengine wengi, lakini Adam Salim naye alisema kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Unapokutana na wimbo wa aina hiyo, andika kwamba umerekodiwa na fulani badala ya kuandika kwamba ni wa fulani. Tofauti hiyo ndogo ya maneno huwatendea haki wote waliohusika, na ningependa sana kuiona ikizoeleka.

Nyimbo mpya nazo hukurudisha nyuma ukizifuata. Arbantone, mtindo wa muziki ulioshika vijana wa Nairobi kuanzia mwaka wa 2023 na 2024, hujengwa mara nyingi juu ya midundo ya nyimbo za genge na dansiholi za miaka ya 2000. Kijana anayecheza arbantone leo akiuliza mdundo ule ulitoka wapi atafika Calif Records, studio ya mtayarishaji Clemo ambayo waimbaji Nonini na Jua Cali walitokea, au atafika studio ya Ogopa na mwanamuziki E-Sir aliyefariki mwaka wa 2003 akiwa bado kijana mdogo. Muulize shangazi yako au kaka yako mkubwa aliyekuwa shule ya upili wakati huo. Wengi wataimba ubeti wote bila kukosea, na jioni yenu itakuwa imepata kazi.

Usikilize kabla ya kuusambaza

Jina likishapatikana, usiutume wimbo bado. Usikilize kwanza nje ya kelele, kwa spika za masikioni, bila kushika kazi nyingine. Katika matatu besi hufunika kila kitu kwa sababu mfumo wa sauti umeundwa hivyo, na wimbo unaoufahamu kwa kifua unaweza kuwa na maneno ambayo hujawahi kuyasikia.

Kwa benga, mtindo uliokulia kwa Wajaluo wa Nyanza kabla ya kuenea nchini kote, nakushauri uufuate wimbo mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake. Halikai mahali pamoja kama katika muziki mwingi wa dansi, hutembea kana kwamba nalo linaimba. Mara ya pili fuata gitaa la solo, uone linavyongoja mwimbaji amalize mstari kisha linamjibu kwa sauti karibu ileile, tabia ambayo utaisikia wazi kwa D. O. Misiani na Shirati Jazz. Mara ya tatu sikiliza maneno. Ukimaliza utakuwa umejua kwa nini mtu wa Siaya anayeuza mitumba Gikomba huacha kupanga nguo wimbo fulani ukianza, ingawa ameusikia mara elfu.

Hip hop ya hapa, tangu wakati wa kundi la Kalamashaka la Dandora, hudai utaratibu wa kinyume. Anza na maneno, uyaandike ikibidi, umuulize aliye karibu na mtaa husika maana ya neno usilolijua, kisha ndipo urudi kwenye mdundo.

Idadi ya waliotazama video usiifanye kipimo chako. Huonyesha kwamba wimbo umefika, haionyeshi umefanya nini ulikofika. "Anguka Nayo" wa Wadagliz ulikuwa wimbo wa kucheza dansi, lakini mnamo Juni 2024 vijana waliokuwa wakiandamana kupinga Mswada wa Fedha waliuimba barabarani katikati ya jiji, na tangu siku zile hauwezi kusikika tena kama ulivyosikika mwanzo. Wimbo wa namna hiyo hupata thamani yake kutoka kwa waliouimba pamoja na mahali walipouimbia, kwa hiyo unapomweleza mtu kuhusu wimbo, mweleze na hayo.

Kumpelekea mwenzako

Mtu akikutumia nyimbo kumi kwa pamoja kwenye WhatsApp hutazisikiliza. Tuma mmoja, ukiandika jina lake, la mwimbaji, na la mtunzi kama ni mwingine, pamoja na jambo moja la kusikiliza: "Ngoja dakika ya tatu, gitaa linapoingia." Ujumbe wa aina hiyo humfanya mpokeaji aufungue.

Tuma linki badala ya faili. Faili ya wimbo inayozunguka kutoka kundi hadi kundi hupotezewa jina njiani, na mara nyingi hubaki na jina la tovuti iliyouiba, hivi kwamba mtu wa tano kuipokea hana njia yoyote ya kumfikia mwanamuziki. Najua hoja ya bando, nayo ni ya kweli, kwa kuwa si kila mtu ana intaneti mchana kutwa. Kwa mtu huyo kuna Mdundo, jukwaa lililoanzia hapa Nairobi, ambalo humruhusu kupakua nyimbo bila malipo huku wanamuziki wakigawiwa sehemu ya mapato ya matangazo. Boomplay nayo ina njia ya kuhifadhi nyimbo kwenye simu. Unapochagua linki ya YouTube, hakikisha ni ya chaneli ya mwanamuziki mwenyewe au ya kampuni yake, ukiitambua kwa kulinganisha na ukurasa wake mwingine anaoutumia kutangaza maonyesho.

Wimbo wa zamani si mali ya kila mtu kwa sababu tu ni wa zamani. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, kwa hiyo familia nyingi za watunzi wa zilizopendwa bado zina haki hiyo leo.

Kuulipia

Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30, na tangu mwaka wa 2024 wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 haulipwi kitu. Kwa nyota hilo si tatizo. Kwa kijana anayerekodi chumbani Kayole, marafiki hamsini wanaousikiliza wimbo wake hadi mwisho, mara chache kila mwezi, ndio wanaoweza kumvusha mpaka huo, na wewe unaweza kuwa mmoja wao kwa kutouruka wimbo kabla ya nusu dakika.

Skiza ya Safaricom, huduma ya kuweka wimbo uwe mlio anaousikia anayekupigia simu, ambayo huingiwa kwa kupiga *811#, huonekana jambo dogo, lakini imekuwa riziki kwa wanamuziki wengi. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2022 yalieleza kwamba mwenye wimbo apate asilimia 52 au zaidi ya mapato ya milio hiyo. Unapochagua mlio, hakikisha umeandikwa kwa jina la mwanamuziki unayemkusudia, kwa sababu wimbo mmoja huweza kuwa na milio kadhaa iliyowekwa na watu tofauti.

Mwenye kinyozi, hoteli, baa au matatu inayopiga muziki kwa wateja anahitaji leseni. Kwa miaka mingi mirabaha hiyo imekusanywa na MCSK kwa niaba ya watunzi, KAMP kwa watayarishaji na PRISK kwa waimbaji na wapigaji, chini ya usimamizi wa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Vyama hivyo navyo huhitaji leseni, ambayo vimewahi kunyimwa, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza KECOBO ni chama kipi kimeidhinishwa mwaka huo.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kwenda kuwaona. Alliance Française huwa na maonyesho bustanini, Kenya National Theatre iko mkabala na Chuo Kikuu cha Nairobi, tamasha la Blankets and Wine limekuwapo tangu mwaka wa 2008, na wikendi kando ya Thika Road hutakosa mpiga mugithi, muziki wa Kigikuyu, mwenye gitaa moja. Ukiona namba ya M-Pesa imebandikwa jukwaani, mtuze. Akimaliza, msogelee umuulize ni zipi kati ya nyimbo alizopiga ni zake mwenyewe, kwa kuwa wengi hupiga za wengine usiku kucha na huchangamka sana anapotokea mtu anayetaka kujua.

Kurekebisha jina lililokosewa

Ukigundua mtandaoni jina ambalo si sahihi, usiishie kubishana kwenye maoni. Piga picha ya lebo pande zote mbili, ukihakikisha mabano yenye jina la mtunzi na namba ya santuri vinasomeka, kisha umwandikie mwenye chaneli faraghani, kwa adabu, ukieleza ulikoiona santuri hiyo. Wengi wao ni wapenzi wa muziki waliopokea faili ikiwa na kosa tayari. Niliyemwandikia kuhusu wimbo wa mama alichukua wiki mbili kunijibu, akaomba radhi, akaibadilisha picha na kuliweka jina la bendi pamoja na la mpiga gitaa aliyeutunga. Aliniuliza pia kama ninao upande wa pili. Nilikuwa nao, nikamtumia, na jioni hiyo nikampigia mama simu nikaiweka karibu na spika, tukausikiliza wote wawili hadi ukaisha.